Simu ya Saa Nane

Kibanda cha tiketi, gati la feri
Jumatatu, tarehe 4 Machi

Baba Chiriku, mume wangu,

Sasa hivi tu mwanao amenipokonya kitoboleo cha tiketi akaitoboa karatasi hii mara nne. Hayo matundu unayoyaona pembeni si ya panya, ni yake. Alitoboa la kwanza, akachungulia, akasema, "Baba hayupo." Akatoboa jingine, akachungulia tena. Alipofika la nne nikamnyang'anya, maana angemaliza karatasi yote na baba asingepatikana.

Sisi hatujambo. Mama yako hajambo, goti linamsumbua kwenye ngazi ila mdomo wake ni mzima kabisa. Kazi ni ileile. Feri yetu bado inachukua saa moja na nusu kufika kwenu, na abiria ni walewale. Wakiiona hovakrafti yenu inapita wanaanza, "Ona Puto lile, dakika kumi na mbili tu liko ng'ambo, sisi huku tunatembezwa kama bibi harusi!" Nawajibu, "Bibi harusi hasukumwi." Serahangi, yule mkuu wa mabaharia wetu, anacheka mpaka anakohoa.

Lakini mume wangu, leo ni siku ya kumi na saba sijasikia sauti yako. Saa nane mchana ndiyo ilikuwa saa yetu. Feri ikishamwaga watu napata robo saa, Puto nalo linatua kwenu, napiga, namwekea Chiriku simu mdomoni naye anamwaga maneno yake. Ulikuwa husemi mengi, uko kazini, naelewa. Ulikuwa unacheka tu, na kicheko kile kilimtosha. Sasa saa nane ikifika anachukua kipande cha sabuni, anakiweka sikioni, anasema, "Baba, cheka."

Azima simu ya mwenzako, hata dakika moja. Imebaki miezi mitatu wakupe kile chumba cha wafanyakazi chenye dirisha, tuvuke tuje. Nimeshaanza kumzoesha kulala bila bibi yake. Yeye amezoea. Bibi ndiye bado.

Mkeo,
Mama Chiriku


Jumamosi, tarehe 9 Machi

Mama Chiriku,

Matundu nimeyapokea salama. Nimechungulia yote manne na nikawaona. Mwambie baba yupo, alikuwa kwenye tundu la tano.

Simu yangu iliingia maji. Nilikuwa nimesimama kwenye zege pale Puto linapopandia, nikinyoosha mikono kuliongoza kama kawaida, ikanichomoka mfukoni na maji yakaondoka nayo. Za wenzangu sipendi kuazima. Mtu akikuazima simu leo, kesho anaazimisha watu habari zako.

Hata hivyo, barua si mbaya. Simu ukishaikata imekwisha, ila barua naisoma asubuhi, naisoma mchana, naikunja, naikunjua. Nifanyie jambo moja: niandikie anayoyasema Chiriku, neno kwa neno, kama anavyoyasema mwenyewe. Usimsahihishe.

Huku mwezi uliopita Puto lilichanika sketi. Ndivyo tunavyouita ule mpira mpana unaolizunguka chini na kushika upepo ili chombo kielee. Lilikaa chini limelegea kama mama aliyegoma. Tumelishona siku mbili.

Kile chumba nakiangalia kila nikipita. Dirishani bado kuna pazia la mtu mwingine.

Wako,
Baba Chiriku


Jumatano, tarehe 13 Machi

Mume wangu,

Haya, umeyataka mwenyewe.

"Mama, paka ana viatu." Nikamwambia hana. "Ana. Ameficha."

"Mama, bahari imelala?" Haijalala. "Iambie ilale."

Kwa bibi yake: "Bibi, goti lako linalia. Lipe maziwa." Mama yako akasema, "Mtoto huyu amenizidi akili, mpeni na kiti changu akalie."

Ningeweza kujaza daftari, lakini kuandika sauti ya mtoto ni kuteka maji kwa pakacha. Ukisoma "ameficha" utaona herufi tu. Hutasikia anavyoivuta ile "fi" kama anafungua mlango wenye kutu. Hutasikia anavyovuta pumzi kabla ya kuanza, kama anataka kupiga mbizi.

Kwa hiyo ndani ya soksi hii anayokuletea serahangi kuna simu ya mama yako, ile ya vitufe. Ameitoa kwa hiari yake, sikumwibia. Nimeijaza chaji na sauti nimeipandisha mpaka mwisho. Ijumaa saa nane nitapiga. Iweke karibu, usiitie mfukoni ikakuchomoka tena.

Nimefurahi mpaka nimempunguzia abiria mmoja ukali. Ameshangaa.

Mkeo,
Mama Chiriku


Jumamosi, tarehe 16 Machi

Mama Chiriku,

Simu nairudisha kwa serahangi, ndani ya soksi ileile. Msimamizi amekataza simu kazini. Pia mama anaihitaji kuliko mimi. Mshukuru sana.

Kuhusu chumba, tusubiri kidogo. Kuna mabadiliko madogo hapa. Usianze kufunga mizigo.

Endelea kuniandikia anayoyasema. La viatu vya paka nimelisoma mpaka nalijua kwa moyo.

Baba Chiriku


Jumapili, tarehe 24 Machi

Baba Chiriku,

Naandika kwa hasira, kwa hiyo usiangalie mwandiko.

Ijumaa ile nilimwosha mwanao uso, nikamvalisha gauni la njano, kana kwamba simu ina macho. Saa nane nikapiga. Iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Mara sita, na mara zote ilikuwa inaita vizuri kabisa, na wewe ulikuwa nayo, kwa sababu kesho yake ndipo uliponirudishia. Katika barua yako hukusema hata nusu neno kuhusu hilo. Chiriku akaniuliza, "Baba amelala?" Nikasema ndiyo. Unajua nimejitafutia nini? Sasa kila ikifika saa nane anainong'oneza ile sabuni, ili asikuamshe.

Hilo ningelimeza. Lakini Alhamisi mdogo wako alivuka kuja kununua vioo vya madirisha. Alikuona unatoka kwenye geti la karakana, mkate kwapani. Akakuita, "Kaka!" Akakuita tena. Akaita lile jina lako la utotoni, Mapengo, mara tatu, akiwa nyuma yako, umbali wa kutoka kitandani hadi mlangoni. Watu wa dukani waligeuka. Wewe hukugeuka. Ulitembea tu, ukakata kona. Amerudi na vioo vizima na moyo uliopasuka. Anasema, "Kaka amepata kazi ya chombo cha kisasa, sisi wa feri si ndugu zake tena."

Nilikutetea. Nikamwambia mama yako, "Mama, huyu ni mwanao, unamjua." Akasema, "Ndiyo, namjua baba yake pia. Mwanaume asiyepokea simu ana simu nyingine."

Mimi shule yangu iliishia darasa la saba, siwezi kuzungusha maneno. Nijibu swali moja tu. Unatutaka, au hututaki?

Mama Chiriku


Ijumaa, tarehe 29 Machi

Mama Chiriku,

Sijamkana ndugu yangu. Sikumwona. Mwambie anisamehe, na siku tutakayoonana anitukane vizuri, nitatulia.

Hakuna simu nyingine. Mwambie mama.

Nawataka. Nimeandika neno hilo na kulichana mara tano kwa sababu kila likikaa peke yake kwenye karatasi linaonekana dogo. Nawataka. Lakini mwezi wa sita msivuke. Usiniulize sababu. Kama umechoka kungoja, mimi sitakulaumu, na sitaruhusu mtu yeyote wa kwetu akulaumu. Bado u kijana.

Mwambie Chiriku asinong'one.

Baba Chiriku


Jumanne, tarehe 2 Aprili

Shemeji,

Hunijui. Mimi ni rubani wa hilo Puto mnalolicheka huko. Kwa kuwa tunatua ufukwe wa upande wa pili, hatujawahi kukutana, lakini mumeo ni rafiki yangu na nimekula naye mkate mmoja mwaka na nusu. Alinikataza kukuandikia. Nimekaa na katazo lake majuma sita, sasa limenishinda. Ijumaa nilimwona anachana karatasi moja baada ya nyingine. Nikaiokota moja. Ilikuwa na neno "nawataka" tu.

Shemeji, mumeo hasikii.

Unajua sikio lake la kulia halikuwa na kazi tangu utotoni. Alibaki na la kushoto. Sasa nalo limezima. Daktari amelipima mara mbili, amesema halirudi.

Pale tunapotua, mtu anayeongoza chombo anasimama mbele ya feni mbili kubwa kuliko mlango wa nyumba. Kelele zake unazisikia kwa mifupa. Ndiyo maana kila mmoja anapewa vifuniko vya masikio, vigumu kwa nje, ndani vina sponji nene. Kazini kwetu hakuna maneno, ni mikono tu. Sasa mumeo, kumbe, alikata sponji ya kifuniko cha kushoto. Alikata kipande kizuri, kwa kisu, saizi ya simu. Saa nane ikifika anaipachika simu humo ndani, anasimama mbele ya feni, mikono juu, ananiongoza, na huku anacheka. Mimi kutoka kwenye kioo nilikuwa nasema huyu bwana anaipenda kazi hii! Sponji ikishakatwa, kelele zote zinaingia. Kila siku ya kazi, mwaka na nusu.

Tarehe 17 Februari nilikuwa narudi nyuma, yeye amenipa mgongo. Nilipiga honi mpaka mkono ukauma. Hakusogea. Nililigeuza Puto likapasua sketi kwenye ukingo wa zege. Baada ya hapo walimtoa kwenye uwanja wakampeleka bandani, anashona mipira. Chumba chenye dirisha ni cha watu wa uwanjani, basi nacho kimekwenda.

Kwa daktari alisema ni kelele za kazi, kifuniko hakukitaja. Kifuniko nilikiona mimi. Nilipomuuliza, aliniandikia hivi nyuma ya pakiti ya sindano: "Mke wangu akijua, atasema ni yeye aliyekuwa anapiga."

Nisamehe. Mimi ni mtu wa kurusha chombo, si wa kupeleka habari.

Rubani


Ijumaa, tarehe 5 Aprili

Mume wangu,

Ni mimi niliyekuwa napiga.

Nimeanza barua hii mara tatu na mara zote sentensi ya kwanza ni hiyohiyo, basi nimeiacha ikae. Usimgombeze rubani. Kama asingeniambia, ningekuchukia bure mpaka uzeeni.

Kwa nini hukuniambia, "Mama Chiriku, usipige saa nane"? Ningepiga saa nyingine. Ningengoja. Mimi nina kazi gani nyingine ninayoijua vizuri kama kungoja? Ulikata sponji kwa kisu, ukasimama mbele ya mashine, ili mtoto akwambie habari ya ndoo, kama siku ile ya mwisho! Na mimi huku najisifu kwa abiria, "Mume wangu hata akiwa kazini anapokea." Abiria wengine walikuwa wananionea wivu. Nilikuwa naringa, Baba Chiriku. Naringia sikio lako.

Mdogo wako nimemwambia. Alikaa kwenye ngazi, ameshika kichwa. "Nilimwita Mapengo mbele za watu," anasema, "nikamtukana na moyoni." Mama yako alifua nguo zilezile mara mbili. Jioni akasema, "Mwanangu mjinga. Mjinga kama baba yake. Baba yake alitembea na kidonda cha mguu mwezi mzima nisije nikapoteza usingizi, mwishowe akapoteza mguu." Kisha akalia, akasema ni moshi. Hatukuwa tumewasha jiko.

Sikuulizi tena kama unatutaka. Nakuuliza kingine, na safari hii usinifiche. Kwa nini hutaki tuje? Usiniambie ni chumba.

Mkeo,
Mama Chiriku


Alhamisi, tarehe 11 Aprili

Mke wangu,

Kama kuna mwenye kosa ni mwenye kisu. Wewe ulipiga simu tu, kazi ya simu ndiyo hiyo. Na saa nyingine haikuwepo. Saa kumi uko kwenye foleni ya feri, nikitoka kazini yeye amelala. Saa nane ndiyo peke yake mlikuwa macho wote wawili, na mimi sikutaka kumkosa mmoja.

Siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa. Chiriku alisema kitu kuhusu ndoo, wewe ukacheka kwa nyuma, halafu ikawa kama mtu anafunga mlango polepole. Nilidhani ni mtandao. Nilisema haloo, haloo, Puto likishatulia nikaenda kupanda juu ya kiti kutafuta mtandao. Wenzangu wananicheka, nami nawaona midomo inacheka tu. Ndipo nikashuka.

Simu haikuingia maji. Ipo kwenye sanduku langu. Na simu ya mama, ile Ijumaa, niliiweka juu ya meza mbele yangu. Saa nane ikawaka taa, ikaanza kutetemeka, inatembea yenyewe mezani kama mende. Ikazima, ikawaka. Niliiona mara zote sita. Niliigusa, haikuwa na kitu cha kunipa.

Umeuliza kwa nini. Nitakwambia, usinicheke. Ukimya wenyewe siuogopi, hata usingizi umekuwa mzuri. Bandani nashona vizuri, mkono wangu wanausifu. Chumba nilichopewa ni cha nyuma ya banda, hakina dirisha, ila ningeweza kuwaleta hata hivyo.

Naogopa kitu kimoja. Mtoto husema na anayemjibu. Atakuja, ataniambia paka ana viatu, nitamwangalia kama ukuta. Ataniambia tena. Mara ya tatu ataenda kumwambia mtu mwingine, na hapo hatarudi. Nimeona watoto wa watu huku, hawana subira, na sio kosa lao. Heri anikose akiwa huko, aongee na sabuni, kuliko anikose nikiwa mbele yake.

Sasa unajua. Usije, Mama Chiriku.

Wako siku zote,
Baba Chiriku


Kibanda cha tiketi, gati la feri
Jumamosi, tarehe 20 Aprili

Mume wangu,

Sasa hivi mwanao ametupa kiatu kimoja ndani ya sufuria, kingine kwa serahangi. Sufuria iko kwenye mkokoteni, mkokoteni uko kwenye feri. Ndiyo, umesoma vizuri. Tulia kwanza, kaa chini, kisha endelea.

Barua hii anakuletea mdogo wako mwenyewe. Yeye anapanda Puto, sisi tuna mizigo, tunapanda feri. Kwa hiyo atakufikia kabla yetu, na anasema ana deni la kusimama mbele yako ili umwone uso akiomba radhi. Usimkaushie. Amenyoa.

Barua yako niliisoma hapa kibandani, abiria wakipiga madirisha. Nikajiuliza, je, kama ni kweli? Siwezi kubishana na wewe kwa moyo tu, moyo hauna ushahidi. Basi nikafanya jambo. Nilichukua pamba, nikaichovya kwenye nta ya mshumaa, nikajiziba masikio yote mawili, nikafunga kitambaa juu. Siku tano mfululizo, kila nikitoka kazini mpaka mtoto analala. Mama yako akasema nimechanganyikiwa. Naona ndivyo alivyosema, sikumsikia.

Siku ya kwanza ilikuwa vilevile ulivyoandika. Alikuja akasema kitu. Nikamwangalia kama ukuta. Akasema tena. Mara ya tatu akaenda kwa bibi yake. Nilikwenda uani nikalia, mkono uko kwenye pamba tayari kuing'oa. Nikasema, kumbe mume wangu anajua.

Siku ya pili vilevile, ila bibi yake, wamenisimulia baadaye, alimfukuza: "Mwambie mama yako mwenyewe, mimi si posta." Akakasirika na sisi wote, akalala na viatu.

Siku ya tatu, Baba Chiriku, alikuja akasimama. Akaniangalia. Akapanda mapajani, akanishika mashavu kwa mikono yote miwili, akanigeuza uso kama mtu anayefungua chupa, mpaka macho yangu yakawa kwenye macho yake. Ndipo akasema. Nikatikisa kichwa, sikuelewa. Akasema tena polepole, mdomo wazi kama samaki. Sikuelewa. Unadhani alikwenda kwa mtu mwingine? Alinishika kidole akanivuta mpaka uani, akanionyesha. Paka alikuwa ameingia kwenye ndoo na ameshindwa kutoka.

Tangu siku ile haniiti kutoka nyuma. Anakuja mbele, anashika uso, anasema. Sitakudanganya kwamba niliyapata yote. Mengi yalinipita. Aliomba maji nikampa kiatu, akacheka mpaka akaanguka, na kile kicheko sikukisikia, nilikiona, nacho ni kizuri hivyohivyo kukiona, tumbo lote linacheka. Jana nimeng'oa pamba. Bado ananishika mashavu. Juzi alimfanyia hivyo msimamizi wangu, mtu mzima na miwani yake, hapa dirishani.

Hakuniacha, mume wangu. Alikasirika siku mbili, ya tatu akatafuta njia. Wewe ulimpa siku ngapi? Hukumpa hata moja.

Kazi nimeombewa na serahangi, nitakata tiketi upande wenu, kibanda cha mlango wa bati. Mama yako anabaki na mdogo wako, amesema goti litapanda ngazi lenyewe, na amenikabidhi maneno ya kukupa ambayo siwezi kuyaandika, ni ya mama kwa mtoto mjinga. Chumba hakina dirisha, sawa. Sikuolewa na dirisha. Mimi na wewe mengine tutayasema tukionana, mimi pia nina ya kwangu, bado saa nane ikifika mkono wangu unakwenda kwenye simu, na sijui litaniondoka lini. Lakini hilo nitalibeba nikiwa karibu yako, huku limekuwa zito.

Mdogo wako amesimama hapa juu yangu, anasema, "Shemeji, Puto halingoji barua za mapenzi." Mwache angoje. Njoo gatini, vua kofia, usijifiche nyuma ya watu. Chiriku hajakuona muda mrefu, anaweza akaona aibu kidogo mwanzoni, usikate tamaa upesi tena. Chuchumaa tu. Akikushika mashavu usiseme kitu, mwache amalize kwanza, mama ananiita huko, nakuja Mama, godoro linaanguka, mwache amalize, maana ana mengi ya kukwambia, ana habari ya paka na ndoo, na ya serahangi alivyokimbiza kiatu, na ya bibi kulia, na ya